Magoti Sita Meusi: Kumtambua Kunguni Mwindaji wa Miti Inayopukutisha Majani

Tikisa tawi la mtufaha mwezi Agosti, Ulaya ya kaskazini au ya kati, na juu ya kitambaa cheupe wanaweza kudondoka kunguni wa kijani (si wale wa kitandani, bali jamaa zao wanaoishi mimeani) wa aina tatu au nne kwa mpigo mmoja. Wote ni wembamba, wengi wao wana urefu wa milimita 5 hadi 7, wote wana vipapasio virefu na haraka ya kukimbia. Kati yao anaweza kuwamo mharibifu wa matunda. Lakini mmoja anayeonekana sana msimu huo, kwenye miti isiyopigwa dawa kali, ni Blepharidopterus angulatus, mwindaji anayefyonza utitiri mwekundu, vidukari na wadudu wengine laini. Samaki mmoja akioza wote huoza: kwa ajili ya jamaa yake anayetia makovu matufaha, mwindaji huyu huuawa na watu wale wale ambao amekuwa akiwafanyia kazi.

Tutamwita kunguni magoti-meusi, maana alama yake kuu iko magotini, na mwenye lenzi ya kukuza mara 10 anaweza kuiona papo hapo chini ya mti. Alama hiyo ni rahisi, lakini ina mitego yake. Pia kuna mambo mawili yanayosaidia kuliko watu wanavyodhani, nayo ni tarehe na aina ya mti. Mtu anayetazama mdudu peke yake, bila kujua ni mwezi gani na ametoka tawi gani, amejinyima nusu ya ushahidi.

Anza na familia. Magoti-meusi ni wa Miridae, familia kubwa kuliko zote za kunguni, yenye spishi zaidi ya 11,000 zilizoelezwa. Miridae hutambulikana kwa bawa la mbele. Sehemu kubwa ya bawa hilo ni ngumu kidogo kama ngozi, na ncha yake ni utando mwembamba unaopitisha mwanga. Kati ya sehemu ngumu na utando kuna kipande kidogo cha pembetatu kilichotengwa na mkunjo, tukiite kabari. Kuanzia kwenye mkunjo huo bawa huinama kuelekea chini, kwa hiyo mdudu akitazamwa ubavuni mgongo wake huonekana umevunjika karibu na mwisho. Ndani ya utando kuna chumba kimoja au viwili vilivyozungukwa na mishipa. Na utosini, kati ya macho makubwa, hakuna vijicho vidogo.

Kutokuwepo kwa vijicho kuna maana. Kunguni wadogo wa familia ya Anthocoridae, ambao nao ni wawindaji wa mitini, wana kabari pia na huwachanganya wengi. Lakini wao wana vijicho viwili utosini, utando wao hauna vyumba vilivyofungwa, na ni bapa, wa kahawia au weusi, wenye urefu wa milimita 3 hadi 4 hivi. Kunguni wa Nabidae hawana kabari kabisa, na mdomo wao umepinda kama ndoano chini ya kichwa. Anayekutwa sana mitini ni Himacerus apterus, wa kahawia, milimita 8 hadi 12, na kwa kawaida mabawa yake ni mafupi. Kuna pia wadudu wa kijani wanaoruka ghafla kutoka kitambaani, wa familia ya Cicadellidae. Hao vipapasio vyao ni vifupi kama unywele, na mabawa yao yamekaa kama paa la nyumba. Ukiona kipapasio kisichofika hata nusu ya urefu wa mwili, na mdudu anarukaruka badala ya kukimbia, mwache, si huyu.

Sasa magoti. Mguu wa kunguni una paja, kisha muundi, kisha wayo mdogo wenye kucha. Alama nyeusi ya Blepharidopterus angulatus iko mwanzoni mwa muundi, pale unapoungana na paja. Si kwenye ncha ya paja wala katikati ya muundi. Ni doa moja fupi, jeusi kweli, na limo kwenye miguu yote sita. Mdudu akisimama na miguu imekunjwa, ukimtazama kutoka juu utaona nukta sita nyeusi pembeni mwa mwili wa kijani. Miongoni mwa kunguni wa kijani wa mitini katika eneo hilo, hakuna alama nyingine inayosema wazi hivyo.

Makosa yanayojirudia hapa ni matatu. La kwanza ni kuridhika na goti moja. Kivuli, uchafu, au tone la utomvu wa vidukari lililoota ukungu mweusi linaweza kufanya goti lionekane jeusi. Tazama angalau magoti manne, ya pande zote mbili. La pili ni kuchanganya doa na vidoa. Kunguni wengine wengi wana miundi yenye nukta nyeusi nyingi, kila nukta ikiwa kwenye kitako cha mwiba mmoja, zimepangwa mstari kuelekea chini. Hizo si magoti meusi. La tatu ni kumkataa mdudu kwa sababu magoti yake ni ya kijivu. Aliyetoka tu kujivua gamba ni mweupe-kijani, laini, mabawa yana mikunjo, na rangi nyeusi bado haijatua. Mweke kwenye kichupa kikavu chenye jani, umtazame tena baada ya saa kadhaa.

Umbo linathibitisha. Urefu ni milimita 5 hadi 6. Mwili ni mwembamba, na pande zake zinakwenda sambamba, hasa kwa dume. Ngao ya kifua, yaani kile kibamba kilicho nyuma ya kichwa, ina umbo la trapezi: mbele ni nyembamba, nyuma ni pana, mbavu zake zimebonyea kidogo kuelekea ndani, na pembe za nyuma zimechomoza. Kutokana na pembe hizo mdudu huonekana kama ana mabega. Ukizoea kuona mabega hayo, utamshuku magoti-meusi hata kabla lenzi haijafika jichoni, ingawa shuku isiishie hapo.

Kwa anayetaka kujua jinsia, mgeuze mdudu chali. Jike ana mfereji katikati ya sehemu ya nyuma ya tumbo, ambamo kifaa chake cha kutagia kimelala. Dume hana mfereji huo. Ncha ya tumbo lake ni kama kikombe, na ndani yake kuna vishikio viwili visivyolingana, cha kushoto kikiwa kikubwa, kama ilivyo kawaida kwa Miridae.

Tuwatazame wanaofanana naye, kwa kuwa kazi yenyewe iko hapa.

Anayesababisha uhasama wote ni Lygocoris pabulinus. Ni wa kijani, milimita 5 hadi 6 na zaidi kidogo, mpana kuliko magoti-meusi, na magoti yake ni ya kijani kama mguu wote. Mbele ya ngao ya kifua ana ukosi ulio wazi, mviringo kama pete, unaoonekana kwa lenzi ukimtazama kwa juu na kwa ubavu. Magoti-meusi hana pete hiyo. Tofauti ya ukosi ni muhimu kwa mdudu aliyepoteza miguu, jambo linalotokea mara nyingi, kwa sababu miguu ya Miridae hukatika kwa kuguswa tu.

Orthotylus marginalis ni mkubwa kidogo, milimita 6 hadi 7, kijani iliyoiva inayoelekea bluu, na kingo za nje za mabawa yake zina rangi ya manjano. Hana magoti meusi. Anakula wadudu na pia hufyonza majimaji ya mmea, na kwenye mtufaha hahesabiwi kuwa tishio. Hukomaa mapema kuliko magoti-meusi, kwa hiyo mwezi Juni wa kijani aliyekomaa mwenye kingo za manjano huwa ni huyu mara nyingi. Tahadhari moja: Plesiocoris rugicollis, kunguni wa Salix (mierebi) aliyehamia kwenye mitufaha na kuwa mharibifu, naye ni wa kijani mwenye manjano pembeni. Huyu ana ukosi na ngao ya kifua yenye mikunjo, Orthotylus hana. Ukipata wenye kingo za manjano kwenye mtufaha, usiache kuangalia ukosi.

Malacocoris chlorizans ni mdogo, karibu milimita 4, kijani hafifu inayokaribia weupe, na mabawa yake yana madoadoa ya kijani iliyokolea. Hupatikana sana kwenye Corylus (kwa Kiingereza hazel), Ulmus (elm) na mitufaha. Naye ni mwindaji wa utitiri, kwa hiyo kumchanganya na magoti-meusi hakuleti hasara shambani. Huharibu kumbukumbu tu. Bado, mtu anayehesabu wadudu kwa ajili ya kulinganisha mwaka na mwaka anapaswa kuwatenganisha, kwa kuwa Malacocoris huwa na vizazi viwili kwa mwaka, na magoti-meusi ana kimoja.

Wengine si wa kijani na hawasumbui. Deraeocoris lutescens ni mwindaji wa kahawia-manjano anayeng'aa, milimita 4 hivi, mwenye vishimo vidogo vingi kwenye ngao ya kifua na pete nyeusi kwenye miundi. Huyu huvuka majira ya baridi akiwa mzima, si yai, kwa hiyo ukikuta mwindaji mzima wa Miridae chini ya magamba ya mti mwezi Januari, mfikirie yeye kwanza. Campyloneura virgula ana kabari ya manjano yenye ncha nyekundu, na karibu wote utakaowaona ni majike, maana spishi hiyo huzaa bila dume. Phytocoris tiliae ni wa kijivu na mweusi, hujibanza kwenye magome yenye kuvu-mwani. Pilophorus perplexus hufanana na sisimizi na hukimbia kama wao. Kati ya hawa hakuna anayehitaji kuuawa.

Tunutu, yaani watoto wasio na mabawa, huwatisha wanaoanza, lakini kwa spishi hii ni rahisi kuliko ilivyo kwa nyingine nyingi: magoti yao nayo ni meusi. Hupita hatua tano. Katika hatua mbili za kwanza hakuna dalili ya mabawa. Hatua ya tatu huanza kuonyesha vijipande mabegani, na katika ya nne na ya tano vijipande hivyo hufunika sehemu ya tumbo. Tunutu wa Lygocoris pabulinus ni wa kijani pia, lakini ncha za vipapasio vyake ni za rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, na magoti yake hayana doa. Ukitaka kuhakikisha kwamba tunutu ni wa Miridae na si wa Anthocoridae, tafuta mgongoni mwa tumbo tundu la tezi ya harufu. Miridae wana moja, Anthocoridae wana matatu. Kwa kazi hiyo lenzi ya mara 10 haitoshi. Tumia ya mara 20 au darubini ya mezani.

Tarehe hufanya kazi ambayo macho hayawezi. Magoti-meusi hutaga mayai kuanzia Agosti hadi vuli, akiyapenyeza ndani ya gome la vijiti vichanga vya mwaka mmoja au miwili. Mayai hukaa humo majira yote ya baridi. Huanguliwa kuanzia mwishoni mwa Mei na kuendelea Juni, na wazima huanza kuonekana mwishoni mwa Juni au Julai, wakidumu hadi Oktoba. Lygocoris pabulinus naye hukaa kama yai kwenye miti na vichaka, lakini huanguliwa mapema, Aprili na Mei, wakati mitufaha inakaribia kuchanua au imechanua. Tunutu wake hufyonza majani machanga na matunda yaliyotunga tu, kisha kufikia Juni na Julai huhamia kwenye mimea ya chini, magugu na mazao yasiyo na shina la mti. Kizazi cha pili huishi huko chini, na majike hurudi mitini vuli kutaga.

Kutoka hapo pata kanuni za kazi. Tunutu wa kijani kwenye mtufaha mwezi Aprili au mwanzoni mwa Mei si magoti-meusi, hata kama mwanga unakudanganya kuhusu magoti. Mzima wa kijani kwenye mtufaha mwishoni mwa Julai na Agosti anaelekea zaidi kuwa magoti-meusi, Malacocoris, au Orthotylus aliyechelewa. Septemba na Oktoba ni miezi ya hatari kwa mtambuzi, kwa sababu Lygocoris anaporejea kutaga, magoti-meusi bado yupo. Miezi hiyo usimtaje mdudu yeyote bila kuona magoti na ukosi.

Tarehe hizo pia zinavunja ushahidi ambao watu huuamini mno: mdudu aliyekutwa juu ya jani lililoharibika. Lygocoris anapochoma jani changa, mate yake huua chembe za jani mahali pale. Jani likiendelea kukua, sehemu iliyokufa haikui, hivyo jani huraruka na kubaki na matundu yenye kingo za kahawia. Tunda lililochomwa likiwa dogo hukua na vinundu vigumu kama gamba la kizibo. Madhara haya huonekana vizuri wiki nyingi baada ya aliyeyafanya kuondoka. Anayepanda ngazi mwezi Agosti, akaona jani lenye matundu na kunguni wa kijani amesimama juu yake, anatazama jeraha la Mei na mdudu wa Agosti. Magoti-meusi naye huonja majimaji ya majani, hilo ni kweli, lakini hajulikani kwa kutia makovu matunda. Jeraha likiwa kavu na la kahawia, na majani ya ncha za matawi yaliyochipuka karibuni ni mazima, aliyejeruhi hayupo tena hapo.

Njia ya kuwapata ni kupiga matawi. Unahitaji kitambaa cheupe kilichotandazwa kwenye fremu, upana wa sentimita 50 kwa 50 ukifanya kazi peke yako kati ya mistari ya miti, au mita 1 kwa 1 ukiwa na msaidizi. Kitambaa kiwe kimelegea kidogo katikati ili wadudu wasibingirike nje. Fimbo iwe na urefu wa nusu mita hivi, imefungwa mpira au kitambaa kinene pale inapogusa gome. Weka fremu chini ya tawi lenye unene wa kidole gumba, kisha piga mara tatu, ghafla na kwa haraka. Ukipiga taratibu, pigo la kwanza huwaonya na wote hushika jani kwa nguvu. Ukipiga kwa hasira, unajeruhi gome na kuangusha matunda.

Saa bora ni asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijachoma. Wadudu wakiwa na baridi kidogo hawaruki. Adhuhuri ya jua kali magoti-meusi mzima anaweza kufungua mabawa na kuondoka kabla hujamhesabu, na matokeo yako yatasema mti hauna kitu. Majani yaliyolowa mvua nayo hayafai. Wadudu hugandia kwenye maji, miguu hukatika, na kitambaa kikilowa huwezi kuwakusanya wazima. Upepo hupeperusha wale wadogo.

Chukua tawi moja kwa kila mti, matawi 25 kwa kila kipande cha bustani, pande tofauti za miti, na uandike idadi kwa matawi yote pamoja. Usichague miti inayoonekana kuwa na wadudu wengi. Ukirudi baada ya wiki mbili, tumia idadi ile ile ya matawi na saa ile ile ya siku, vinginevyo namba zako mbili hazilinganishiki. Mwezi Juni hesabu tunutu, Agosti hesabu wazima. Ukihesabu mara moja tu kwa mwaka, hesabu ya Juni ndiyo yenye faida kwa uamuzi wa msimu huo.

Kuwachukua kitambaani, tumia kifyonzi: kichupa chenye mirija miwili, mmoja wa kuvutia hewa kwa mdomo, wenye wavu mlangoni, na mmoja wa kuingizia mdudu. Vidole huvunja miguu, na mguu ndio ushahidi wako. Usiwarundike wengi kwenye kichupa kimoja. Wawindaji hawa hulana, na wazima hula tunutu kwanza. Weka kipande cha karatasi kavu ndani ili wapate pa kushika na unyevu usijikusanye kwenye kioo, maana tone moja la maji linatosha kumnasa na kumkata miguu. Baadhi ya kunguni hawa wa mitini huchoma ngozi ya mkono wanapotafuta unyevu. Inauma kidogo, haina madhara.

Kwa picha, mdudu hai aliyepozwa dakika chache kwenye friji hutulia vya kutosha. Piga picha tatu: kutoka juu kabisa, ili ngao ya kifua na magoti yote yaonekane, ubavuni, ili kuona ukosi na mkunjo wa kabari, na kutoka chini ikiwezekana. Weka karatasi yenye vipimo vya milimita kando yake. Picha moja nzuri ya pembeni, yenye mandhari ya kupendeza na miguu imefichwa nyuma ya jani, haisaidii mtu yeyote kutambua. Taa ya kamera ikimulika moja kwa moja huweka mng'ao mweupe kwenye goti na kulificha doa. Tandaza karatasi laini nyeupe mbele ya taa.

Kwa kuhifadhi, spiriti ya asilimia 70 hadi 80 inatosha kwa tunutu na kwa kazi ya haraka. Fahamu lakini kwamba kijani hupotea, na baada ya muda mdudu atakuwa wa manjano au rangi ya majani makavu. Magoti hubaki meusi. Kwa sababu hiyo usitambue kielelezo cha zamani kwa rangi ya mwili. Tazama magoti, ukosi, mabega na vipimo. Wazima wanaohifadhiwa kavu hugundishwa kwenye kadi kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, miguu ikiwa imenyooshwa pande zote. Mguu ukikatika, ugundishe kwenye kadi hiyo hiyo kando ya mwenyewe. Lebo iandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka: mahali, tarehe, aina ya mti, njia iliyotumika, jina la aliyekusanya. Lebo isiyo na aina ya mti hupunguza thamani ya kielelezo cha kunguni wa mitini kwa kiasi kikubwa.

Na aina ya mti kweli ina uzito. Magoti-meusi si mdudu wa mtufaha peke yake. Yuko kwenye Alnus (kwa Kiingereza alder), Betula (birch), Tilia (linden), Ulmus, Corylus na mingine inayopukutisha majani. Mistari ya Alnus iliyopandwa kuzuia upepo kando ya bustani za matunda humlea vizuri, kwa kuwa majani yake yana vidukari na wadudu wengine wadogo wakati mitufaha bado haina chakula cha kutosha. Kutoka humo wazima huruka kuingia bustanini. Anayetaka kujua kama bustani yake inaweza kujazwa tena baada ya msimu mbaya, apige pia matawi ya miti ya mpakani na kuandika idadi yake kando na ile ya mitufaha.

Umuhimu wa haya yote ulionekana kwa gharama kubwa katika karne iliyopita. Utitiri mwekundu wa miti ya matunda, Panonychus ulmi, uligeuka tatizo kubwa katika bustani za matufaha za Ulaya na Amerika ya Kaskazini pale dawa kali, DDT ikiwemo, zilipoua wawindaji na kuuacha utitiri wenyewe ukizaana. Katika miaka ya 1950, Collyer, mtafiti wa kituo cha East Malling, Kent, Uingereza, alichunguza maisha ya wawindaji wa utitiri huo, na Blepharidopterus angulatus alikuwa miongoni mwa wale waliopewa uzito.

Sababu ya uzito huo iko kwenye hesabu ya vizazi. Utitiri mwekundu huzaa vizazi kadhaa katika majira moja ya joto. Magoti-meusi huzaa kimoja. Hawezi kuongezeka katikati ya msimu kuufuata utitiri unapofumuka. Idadi ya tunutu watakaoanguliwa Juni imeshaamuliwa na mayai yaliyotagwa Agosti na Septemba ya mwaka uliotangulia. Kumuua jike wa kijani mwezi Agosti kwa kumdhania Lygocoris ni kupunguza wawindaji wa mwaka ujao, na mwenye bustani hataunganisha matukio hayo mawili, kwa kuwa kati yake kuna miezi kumi na majira mazima ya baridi.

Ikiwa hesabu zako za Aprili na Mei zinaonyesha tunutu wa Lygocoris kwa wingi unaohitaji dawa, muda uliopo ni kabla ya magoti-meusi kuanguliwa. Usipulize maua yakiwa wazi, kwa ajili ya nyuki. Chagua dawa isiyodumu kwenye majani, kwa sababu inayodumu wiki nyingi itawangoja tunutu wa magoti-meusi watoke ndani ya gome na kuwaua siku wanapoanza kutembea. Kuanzia mwishoni mwa Mei dirisha hilo limefungwa. Kupulizia Lygocoris mtini Julai hakuna maana, ameshashuka kwenye magugu. Na wakati wa kupogoa, kumbuka kwamba mayai ya mwindaji yamo kwenye vijiti vya mwaka mmoja na miwili: ukipogoa bustani nzima kwa ukali mwaka mmoja, unayatoa nje pamoja na matawi. Pogoa kwa zamu, baadhi ya mistari mwaka huu na mingine mwaka unaofuata, ili kila Juni kuwe na mistari yenye tunutu.